Katulia, Lakini Anasahau

Mgonjwa wa baipola anaporudi kliniki, maswali anayoulizwa aghalabu ni yale yale: unalala vizuri, unakula, bado unasikia sauti, dawa unameza? Akijibu kwa utulivu, na ndugu aliyemsindikiza akaitikia kwa kichwa, anaandikiwa dawa za mwezi mwingine, anapangiwa tarehe, na foleni inasogea. Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: kumbukumbu yako ikoje? Ningependa swali hilo liwe la lazima katika kila kliniki ya afya ya akili, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru hapa mjini Arusha hadi Tengeru, Ngaramtoni na Nkoaranga kule mlimani. Silitaki kwa ajili ya kujaza fomu. Kusahau kunawapokonya wagonjwa wengi kazi, ndoa na heshima wakati ugonjwa wenyewe umekwisha kutulizwa, na sehemu kubwa ya mambo yanayosababisha usahaulifu huo inaweza kupunguzwa na mhudumu aliyeketi mezani pale pale, kwa kalamu aliyo nayo mkononi.

Baipola ni ugonjwa unaovuruga hisia, nguvu na usingizi kwa vipindi. Katika kipindi cha kupanda, ambacho madaktari hukiita mania, mtu hulala saa mbili akaamka kana kwamba amelala usiku kucha, huongea bila kituo, hutapanya fedha, huanzisha miradi mitano kwa wiki moja, na pengine huamini kwamba ametumwa na Mungu au na serikali. Katika kipindi cha kushuka huingia sonona: mwili mzito, akili nzito, hamu ya kuishi imefifia. Kati ya vipindi hivyo kuna miezi, hata miaka, ya utulivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wengi huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 25, umri ambao mtu anasoma, anatafuta kazi na anaanza familia, yaani umri ambao anatakiwa kukumbuka mambo mengi kuliko wakati mwingine wowote.

Dhana kwamba aliyetulia amepona haikuzuka mitaani tu. Tiba yenyewe iliipanda. Mwaka 1899 daktari Mjerumani Emil Kraepelin alitenganisha magonjwa mawili makubwa ya akili. La kwanza, ambalo leo linaitwa skizofrenia, alilieleza kuwa linaila akili polepole bila kuirudisha. La pili, lenye mania na sonona, alilieleza kuwa huja na kuondoka na kumwacha mtu na akili zake. Mgawanyo huo ulisaidia sana, na kwa kiasi kikubwa madaktari bado wanautumia. Lakini uliwafanya watafiti wachelewe mno kuichunguza kumbukumbu ya mgonjwa wa baipola aliyetulia, kwa sababu jibu lilidhaniwa kuwa linajulikana tayari.

Walipokuja kupima, walikuta jambo tofauti. Kipimo cha kawaida ni rahisi: mtu husomewa orodha ya maneno, akaombwa ayataje aliyoyashika, orodha hurudiwa mara kadhaa, kisha baada ya muda, akiwa amefanya shughuli nyingine, anaulizwa tena. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi uliokusanya takwimu za tafiti 31, zenye washiriki zaidi ya 2,800, ukilinganisha wagonjwa wa baipola waliokuwa katika kipindi cha utulivu na watu wasio na ugonjwa huo. Kwa wastani wagonjwa walishika maneno machache zaidi na walichelewa kujifunza orodha. Tofauti hiyo haikufanana na ile ya mzee aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kutowatambua wanawe, lakini haikuwa ndogo ya kupuuzwa. Na jambo moja lieleweke wazi, maana najua mwajiri anaweza kusoma makala hii kwa jicho lake: huo ni wastani. Wapo wagonjwa wengi ambao kumbukumbu yao haina tofauti na ya jirani yao yeyote.

Kwa yule aliyeguswa, mji huu haumpi nafasi ya kujificha. Arusha inaishi kwa maneno yaliyosikika mara moja. Mwongoza watalii anapokea wageni asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana anatarajiwa kujua majina yao, nani hali nyama, na yule ndege aliyekuwa kwenye maziwa ya Momella jana anaitwaje. Mama anayeuza mboga sokoni Kilombero hukopesha wateja wake kwa kichwa, si kwa daftari. Dalali wa tanzanite anatajiwa bei akiwa amesimama barabarani, na saa mbili baadaye anatakiwa kuirudia bila kukosea hata shilingi elfu. Mwanafunzi wa Makumira au wa Chuo cha Ufundi husikiliza mhadhara mara moja tu. Shughuli zote hizo zinadai kumbukumbu ya maneno, na ndiyo hasa ambayo vipimo vinaonyesha kuwa inaguswa zaidi. Mtu huyo huyo anaweza kuijua vizuri kila njia ya mlimani aliyojifunza miaka kumi iliyopita, na asikumbuke alichotumwa dukani dakika kumi zilizopita. Ndugu wakiona hivyo wanahitimisha kwamba anachagua cha kukumbuka.

Kuna usahaulifu wa aina mbili nyingine ambao huzua ugomvi mkubwa zaidi nyumbani. Wa kwanza ni wa siku za mania zenyewe. Mtu akiwa amepanda, akili yake hukimbia kutoka jambo moja hadi jingine kwa kasi ambayo haiyaachi mambo yatulie na kuhifadhiwa, na siku za kukesha huzidisha shida kwa kuwa ubongo huhitaji usingizi ili kuyakita yale yaliyopita mchana. Baadaye anaambiwa: uliahidi, ulikopa, ulitukana, ulisaini. Hakumbuki, au anakumbuka vipande vipande. Kwa ukoo wa Kimeru suala hili si dogo, maana linaweza kuhusu shamba. Katika mlima ambao watu wake walifukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kudai ardhi yao, kuuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, na kusema hukumbuki ni jambo ambalo wazee hawalisamehe kirahisi. Sheria yetu ya mikataba inatambua kwamba mapatano hudai akili timamu wakati wa kuyafanya. Mabaraza ya familia mara nyingi hayafiki huko. Huishia kwenye swali la kama mtu ni mwongo.

Aina ya pili ni ya sonona. Aliyeshuka moyo hukumbuka maisha yake kwa jumla, bila siku wala tukio mahususi. Mwulize lini alifurahi mara ya mwisho, atakwambia hajawahi kufurahi, na anamaanisha. Mwaka 1977 Herbert Weingartner na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye hisia za kupanda na kushuka waliyakumbuka vizuri zaidi maneno waliyokuwa wameyatoa wenyewe pale walipokuwa katika hali ya hisia inayofanana na ile ya mwanzo, kuliko hali ilipokuwa imebadilika. Katika maisha ya kila siku, hilo lina maana kwamba aliyoyapanga mtu akiwa juu yanaweza kumpotea akiwa chini, na mafunzo aliyoyapata akiwa chini yasimfikie akipanda tena. Ushauri mzuri aliopewa wodini, wakati bado amechanganyikiwa, huenda haujakaa popote. Ndiyo maana maelezo ya ugonjwa na dawa yanapaswa kurudiwa katika kila hali, na kuandikwa.

Tunajua vizuri, sisi wa upande huu wa nchi, namna ya kutomlaumu mtu kwa alama ambayo hakuisababisha. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanatokana na floraidi iliyo katika maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, na hakuna mwenye akili anayesema watu hao hawapigi mswaki. Serikali imekuwa na kituo cha utafiti pale Ngurdoto kwa ajili ya kuyachuja maji hayo. Usahaulifu wa mgonjwa wa baipola unastahili mtazamo kama huo: utafutwe unakotoka, kisha kichujwe kinachoweza kuchujwa.

Na unakotoka ni kwingi, jambo ambalo kwangu ni habari njema. Nianze na dawa moja ambayo watu wa kliniki wanaifahamu sana. Mgonjwa aliyepanda mara nyingi hutulizwa kwa haloperido au klopromazini. Dawa hizo za zamani huweza kukaza misuli, kutetemesha mikono na kumfanya mtu ashindwe kutulia mahali, kwa hiyo huongezewa benzheksoli, ambayo wengi huiita kwa jina la biashara, Artane. Benzheksoli huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika kujifunza na kukumbuka. Hukausha mdomo, huleta ukungu machoni, na humpunguzia mtu uwezo wa kushika jambo jipya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa unasema wazi kwamba dawa za kundi hili zisitolewe kama kinga ya kawaida. Zitumike kwa muda mfupi, kwa yule mwenye madhara makali ambayo kupunguza dozi au kubadilisha dawa hakukuyaondoa. Hata hivyo ni rahisi benzheksoli iliyoanza wodini ikaendelea kunakiliwa kwenye cheti mwezi baada ya mwezi, mgonjwa akiwa hatetemeki tena, hata haloperido ikiwa imepunguzwa. Hakuna anayemdhulumu kwa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyeuliza kumbukumbu yake ikoje, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kuitazama upya orodha ya dawa. Nisisitize hapa kwamba mgonjwa asiikatishe mwenyewe ghafla, maana kuacha ghafla nako huleta madhara. Kazi hiyo ni ya mhudumu, hatua kwa hatua.

Lithiamu ina hadithi yake. Daktari John Cade wa Australia alitangaza mwaka 1949 kwamba chumvi hii hutuliza mania, na hadi leo ni mojawapo ya dawa bora za kuzuia ugonjwa kurudi. Inataka kiwango chake katika damu kipimwe, kwa kawaida kisipungue milimoli 0.6 kwa lita wala kupita 1.0 wakati wa kuendeleza matibabu. Kiwango kikipanda, mgonjwa hupata usingizi, hutetemeka, husahau, na kikizidi sana maisha yake huwa hatarini. Kinachokipandisha ni vitu vya kawaida kabisa: kuharisha, kutoka jasho jingi shambani bila kunywa maji, kukata chumvi ghafla, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki ambavyo mtu hununua dukani bila kumwambia mhudumu wa kliniki. Zaidi ya hayo, lithiamu inaweza kudhoofisha tezi ya shingo. Mtu ambaye tezi yake imedhoofika hunenepa, huhisi baridi, hulegea na kusahau, na kwa macho tu anafanana kabisa na mwenye sonona. Bila kipimo cha damu, ataongezewa dawa ya sonona kwa ugonjwa wa tezi.

Mengine nitayapita haraka. Sonona iliyobaki kidogo kidogo, ambayo mgonjwa hailalamikii kwa kuwa ameizoea, hula umakini. Pombe huharibu usingizi na kumbukumbu kwa pamoja. Dawa za usingizi zinazotumika muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Na kuna VVU: mwaka 2006 watafiti wa Kampala wakiongozwa na Etheldreda Nakimuli-Mpungu walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa ambao mania yao ilitokana na VVU na wale wenye mania ya kawaida, wakakuta upungufu wa uwezo wa akili ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale wa VVU. Mtu mzima anayepanda kwa mara ya kwanza, na akawa msahaulifu, apimwe. Kipimo hicho kipo hata zahanati.

Ipo sababu nyingine ya kuharakisha. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba waliopata vipindi vingi zaidi vya ugonjwa, hasa vya mania, ndio wenye kumbukumbu dhaifu zaidi. Bado kuna ubishi juu ya kipi kinatangulia kipi: huenda kila kipindi huacha jeraha, huenda wale ambao akili zao ziliguswa tangu mwanzo ndio wanaougua mara kwa mara. Kwa mhudumu wa Arusha ubishi huo haubadilishi la kufanya. Mgonjwa anayesahau huruka dozi au humeza mara mbili, hukosa tarehe ya kliniki, dawa zinamwishia, anapanda tena, anarudi wodini. Ndugu wanasema ni mkaidi. Ukaidi huo ukichunguzwa, mara nyingi utakuta dozi tatu kwa siku ambazo zingeweza kufanywa moja ya jioni, au vidonge ambavyo kwa baadhi ya wagonjwa vingebadilishwa kuwa sindano ya mwezi.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na ni la haki: wahudumu hawatoshi. Tanzania haina hata daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu laki moja, na muuguzi wa kliniki anaona wagonjwa wengi kwa asubuhi moja. Kumwongezea kazi ni kumwonea. Lakini ninachoomba hakihitaji bingwa. Maswali matatu yanatosha kuanzia: je, unasahau zaidi ya mwaka jana, kusahau huko kumekuathiri wapi, kazini au nyumbani, na ndugu yako aliyekuja nawe anaonaje? Jibu likiwa baya, mhudumu anapitia dawa moja moja, anauliza usingizi na pombe, anaagiza kipimo kilichopo, anampa rufaa yule anayestahili. Nchi hii iliwahi kuthibitisha kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, mpango wa afya ya akili uliendeshwa Morogoro na Kilimanjaro, na wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kuwatambua na kuwatibu wagonjwa wa akili. Moshi ni mwendo wa saa mbili kutoka hapa.

Muuguzi mzoefu anaweza kuongeza pingamizi lenye uzito kuliko hilo. Vipimo vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma, katika lugha zao. Bibi wa Kimaasai wa Monduli ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na hakukaa darasani atashindwa orodha ya maneno kumi na tano hata kama akili yake ni nzima kabisa, kisha atabandikwa jina ambalo si lake. Kweli. Kwa hiyo mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, kwa shughuli anazozijua: je, bado anahesabu ng'ombe kwa rangi zao, bado anajua deni la kila mteja? Chombo cha kupimia kilichotafsiriwa na kujaribiwa hapa kitahitajika siku moja, na Arusha yenye vyuo vikuu kadhaa inaweza kukitengeneza. Kuuliza kusingoje hicho.

Pingamizi la tatu hutolewa na wagonjwa wenyewe: dawa ndizo zimeniharibu kichwa, nikiziacha nitapona. Nimekwisha kukubali kwamba baadhi ya dawa husahaulisha, na anayemwambia mgonjwa kwamba anawaza tu anampoteza. Hata hivyo dawa hazielezi yote. Upungufu mdogo wa aina hiyo hiyo umeonekana hata kwa ndugu wa damu wa wagonjwa, watu ambao hawajawahi kuugua wala kumeza kidonge kimoja. Kuhusu lithiamu inayoogopwa kuliko zote, utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022 ulipitia rekodi za wagonjwa 29,618 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Baada ya kuzingatia umri, magonjwa mengine na dawa nyingine, waliowahi kutumia lithiamu walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Waliotumia lithiamu walikuwa 548 tu, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyowakinga, lakini hauwapi nguvu wanaosema lithiamu inaua ubongo. Kuacha dawa zote kwa mkupuo tumekuona kwa macho yetu mkoani humu. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wa VVU na kisukari wasiache dawa zao. Imani ya mtu naiheshimu, na sala haijawahi kugombana na kidonge. Ninachokihofia ni mgonjwa wa baipola kurudishwa kwenye mania, ambayo ndiyo inayokwenda pamoja na kumbukumbu dhaifu zaidi.

Halafu kuna wale wanaosema tukilitambua jambo hili tutawapa watu kisingizio. Aliyekopa atasema amesahau, aliyekosa kazi atasema ni ugonjwa. Wachache watajaribu, kama vile wapo wanaojaribu kwa malaria. Lakini kutambua kusahau ndiko kunakowezesha kudai uwajibikaji wenye maana. Mgonjwa anayejua udhaifu wake anaweza, akiwa katika utulivu, kukubaliana na mkewe au mumewe na kaka yake kwamba deni lolote juu ya kiasi fulani liandikwe mbele ya shahidi, na kwamba shamba haliuzwi bila ya wao watatu kukaa. Vikundi vya VICOBA tayari vinaandika kila shilingi. Mwanachama mwenye baipola hahitaji upendeleo wowote humo, anahitaji asomewe tena kile kilichoandikwa. Anayechukuliwa kuwa mwongo hana la kufanya zaidi ya kukana au kukimbia.

Mwajiri naye anahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuishia kwenye viungo vya mwili. Inatambua pia vikwazo vinavyotokana na hali ya akili. Anachohitaji mfanyakazi huyu mara nyingi hakigharimu fedha: maagizo kwa ujumbe wa simu badala ya mdomo, kazi moja kumalizika kabla ya nyingine kutolewa, zamu ya usiku kuepukwa kwa kuwa kukesha ndiko kunakoamsha mania. Kampuni ya utalii inayowapa waongozaji wake karatasi yenye majina ya wageni na mahitaji yao inawasaidia wote, na mwenye baipola hahitaji kujitangaza ili afaidike. Nasema hivyo kwa sababu hatuwezi kumlazimisha mtu aseme ugonjwa wake katika mji ambao bado unawaita wagonjwa vichaa.

Linabaki swali la wenye mashaka zaidi: ukishapunguza benzheksoli, ukapima tezi, ukatibu sonona, na mtu bado anasahau, basi ulichomuuliza kina faida gani? Hispania ina jibu lenye uzito. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Carla Torrent na Eduard Vieta wa Barcelona walichapisha jaribio lililohusisha wagonjwa 239 wa baipola. Kundi moja lilihudhuria vipindi 21 vya mafunzo ya vitendo: kutumia shajara, kugawa kazi kubwa vipande, kukumbuka majina, kupanga siku. Alama zao za vipimo vya kumbukumbu hazikupanda kwa namna ya kujivunia, lakini maisha yao ya kila siku, yaani kazi, fedha na mahusiano, yalikuwa bora kuliko ya wale walioendelea na matibabu ya kawaida tu. Hilo ndilo linalonishawishi kuliko jambo lolote. Haikulazimu kumbukumbu irudi kamili ndipo mtu arudi kazini. Daftari la mfukoni, kengele ya simu saa mbili usiku kwa ajili ya dawa, mahali pamoja pa funguo na kadi ya kliniki, mtu mmoja wa nyumbani anayejua tarehe: hayo yanaweza kufundishwa kwa kikundi chini ya mti wa hospitali ya wilaya, na muuguzi aliyefundishwa, kwa Kiswahili, siku ile ile ya kliniki.

Kisichoweza kufanywa kwa kalamu na daftari ni maabara. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki lithiamu haitolewi sana, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna namna ya kukipima kiwango chake kwa uhakika na kwa bei anayoimudu mkulima. Mgonjwa wa Ngarenanyuki anayeambiwa akapime tezi mjini analipa nauli, analipa kipimo, anapoteza siku ya shamba, na tukumbuke kwamba ni mtu ambaye shida yake ni kusahau tarehe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mafao ya mgonjwa wa akili chini ya bima hiyo yasiishie kwenye kitanda cha wodini na vidonge vya kumtuliza. Kila mara orodha ya mafao inapopitiwa, kipimo cha homoni ya tezi na kipimo cha kiwango cha lithiamu vitajwe humo kwa majina yao, sampuli ichukuliwe kituo cha karibu na isafirishwe yenyewe hadi maabara ya mkoa, na mhudumu alipwe kwa muda wa kukaa na mgonjwa na ndugu yake kupitia dawa zote, angalau mara moja kila miezi sita.